Bawabu na Ghala

Bawabu mwema hana haja ya kujua yaliyomo ghalani. Kazi yake ni kumtambua anayestahili kuingia na kumzuia asiyestahili. Akianza kuhesabu magunia, atausahau mlango. Msomaji asicheke nikisema kuwa hekima hii niliipata katika programu ya kompyuta, hali mimi ni mwalimu wa Kiswahili tu.

Idara yetu ina hazina ya maneno ya lahaja katika intaneti. Kila mzee na kila mwanafunzi anayetuletea maneno ana jina lake na neno lake la siri, naye huulizwa hayo mlangoni. Majina hayo yaliwekwa katika hifadhidata ya MySQL, na maneno ya lahaja katika PostgreSQL. Mwaka jana tuliazimu kuyahamisha majina, tusiendelee kutunza maghala mawili. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni fundi wa programu, alikuja kunisaidia.

Alipoifungua programu niliyoiandika, alisikitika. "Mwalimu," alisema, "bawabu wako amehamia ghalani." Ilikuwa kweli. Amri za kuiuliza hifadhidata zilitapakaa kila mahali, na kubadili ghala kungekuwa kubomoa nyumba nzima. Basi kwanza tulimtoa bawabu nje, tukampa maombi manne tu: nitafutie mtu huyu, mwandike huyu, mbadilishie huyu, mfute huyu. Namna ghala linavyoyatimiza si shauri lake. Kisha tuliandika majaribio, tukayapeleka kwa ghala kuukuu na kwa jipya, ili tuone kama majibu yatalingana.

Jaribio moja halikulingana. Ghala kuukuu lilihesabu "Baharia" na "baharia" kuwa mtu mmoja; jipya liliwahesabu wawili. Desturi hiyo haikuandikwa popote, walakini wazee wengi waliitegemea kila siku bila kujua. Ilitupasa kuiandika waziwazi.

Kizuizi kikubwa kilikuwa siri zenyewe. Ghala la heshima haliweki neno la siri kama lilivyo. Katika miaka ya 1960, katika kompyuta ya Chuo cha MIT, Marekani, faili la maneno ya siri lilibadilishana nafasi na tangazo la siku, na kila aliyeingia akazisoma siri za wenzake. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza jinsi ya kuliweka neno likiwa limesagwa na kutiwa chumvi, yaani herufi za kubahatisha, ili maneno mawili yaliyo sawa yasitoe unga ulio sawa. Unga haurudi kuwa nafaka. Zetu zilisagwa kwa MD5, kinu chepesi mno, ambacho mwizi aweza kujaribia mamilioni ya maneno kwa sekunde moja. Tulitaka bcrypt, kinu cha mwaka 1999, kilichofanywa kizito kwa makusudi. Lakini nafaka hatukuwa nayo.

Nilitoa shauri jepesi: tufute siri zote, tumwandikie kila mtu achague nyingine. Kijana akaniuliza, "Na mzee ambaye anwani yake imebadilika, Mwalimu, barua itamfikaje?" Nikanyamaza kwa haya. Nilikuwa tayari kuwafungia nje watu walioijaza hazina ile, kwa sababu ya uvivu wangu.

Tulifanya hivi: unga wa zamani tuliusaga tena wote kwa kinu kizito, usibaki dhaifu hata siku moja. Tena, kila mtu arudipo na kulitaja neno lake, mlango hulisaga upya kwa kinu kizito peke yake, na unga wa zamani hutupwa. Yeye haoni tofauti yoyote.

Kila mwezi orodha ya wasiorudi hupungua. Miongoni mwao yumo mvuvi mmoja wa Siu aliyetuletea majina ya pepo na ya mikondo ya bahari, amekwisha fariki. Kijana aliniuliza kama amfute. Nilimkataza. Kufuta ni ombi la nne la bawabu, nalo ni halali, lakini si kila lililo halali hutendwa. Maneno yake yangali yanasomwa, na jina lake li pamoja nayo.