Akishaweka gongo chini, mchezaji huenda wapi?

Msomaji mpenzi, nikikuomba unitajie Mkenya aliyeiwakilisha nchi hii katika Michezo ya Olimpiki mara nne, najua utaanza kuwahesabu wakimbiaji. Sikulaumu. Tumelelewa kwa habari za mbio, na hata mtoto wa chekechea akiona bendera yetu kwenye runinga hungoja kuona mtu akivuka utepe. Lakini leo nina mwingine wa kukutajia, naye hakupata sifa kwa kukimbia. Alisimama nyuma, karibu na lango, gongo mkononi, akiwazuia wengine wasipite.

Jina lake ni Avtar Singh Sohal. Alizaliwa mwaka wa 1938, na kati ya 1957 na 1972 aliichezea timu ya taifa ya hoki mechi 167. Idadi hiyo ilichapishwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na mchezaji mwingine duniani aliyekuwa ameichezea nchi yake mara nyingi kiasi hicho. Alikwenda Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico City 1968 na Munich 1972. Katika hizo tatu za mwisho alikuwa nahodha.

Pengine utaniambia kwamba mechi 167 si nyingi, maana Mholanzi Teun de Nooijer amekuja kupita 400. Ni kweli. Ila ukumbuke kwamba enzi za Sohal timu haikurukaruka kwa ndege kila mwezi, na mchezaji alikuwa na kazi yake ya kumpa riziki. Hoki ilichezwa baada ya kazi. Isitoshe, Kenya ya siku hizo haikuwa timu ya kusindikiza wenzake. Tokyo ilimaliza ya sita, na katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, lililochezwa Barcelona mwaka wa 1971 na mataifa kumi, ilifika nusu fainali. Ikafungwa na wenyeji Uhispania bao moja kwa bila, kisha India ikaichapa 2-1 katika muda wa ziada, ndipo ikatoka na nafasi ya nne. Ya nne ulimwenguni, msomaji wangu! Jaribu kumweleza jambo hilo kijana wa leo anayejua majina ya wachezaji wote wa Arsenal, uone atakavyokukodolea macho.

Mimi jina la Sohal sikulisoma kitabuni. Nililisikia kwa kocha wetu wa shule ya upili, huko magharibi mwa nchi, na nalikumbuka kwa sababu alilitaja kila mara tulipofanya upuzi uwanjani. “Sohal asingefanya hivyo,” angesema, nasi hatukujua Sohal ni nani. Wengine tulidhani ni mjomba wake.

Huyo kocha wetu alikuwa amechezea klabu moja ya hapa Nairobi kwa miaka kadhaa, akiwa beki pia. Mwili ulipochoka alirudi nyumbani, na shule ikamwajiri. Tafadhali usidhani aliajiriwa kuwa kocha. Aliajiriwa kutunza stoo. Kazi aliyolipwa ilikuwa kuhesabu majembe, ndoo na magodoro. Kutufundisha hoki aliongeza mwenyewe, saa kumi jioni, akiwa na funguo za stoo zikilia kiunoni. Tulikuwa wasichana kumi na wanne na magongo sita. Wengine walifanya mazoezi kwa matawi ya mpera yaliyopinda, na uwanja wenyewe ulikuwa wa changarawe, umeinama upande mmoja kiasi kwamba mpira uliomponyoka mtu ulijiviringia wenyewe hadi kwenye shamba la mahindi.

Alitufundisha nini? Kwanza, kusubiri. Ukiwa beki na mshambuliaji anakujia mbio, moyo hukuambia umvamie. Yeye alitukataza. Rudi nyuma hatua kwa hatua, alituambia, inama, gongo liwe chini, umsukume polepole aelekee upande wako wa kulia. Sababu yake ni hii: gongo la hoki lina uso mmoja tu bapa, na ni uso huo pekee unaoruhusiwa kuugusa mpira. Mgongo wa gongo ukiugusa, ni kosa. Kwa hiyo ukimlazimisha adui kupita kuliani kwako, yeye huwa anaelekea kushotoni kwake, na hapo hana budi kuligeuza gongo lake juu chini ili aumiliki mpira. Hapo ndipo hujikwaa, nawe ukauchukua mpira wake bila kelele. Sisi tuliona ni uchawi. Kumbe ni hesabu.

Jambo la pili sikulielewa hadi nilipokuwa mtu mzima, nalo ndilo limenifanya nishike kalamu leo. Kila tulipokosea, mkono wa kocha wetu ulinyooka wenyewe kutaka kumnyang’anya mtu gongo ili amwonyeshe. Kisha aliurudisha, akaifunga mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akaanza kueleza kwa maneno. Siku moja tulimuuliza kwa nini asituonyeshe tu. Akajibu, “Nikicheza mimi, nitacheza vizuri, na ninyi mtabaki vile vile.” Waliostaafu michezo watakwambia kwamba hapo ndipo penye uchungu. Mwili unajua la kufanya, nawe huna ruhusa ya kuutumia. Inakubidi ujifunze kuongea, na wanamichezo wengi si waongeaji.

Sohal naye alipoweka gongo chini alikuja kuwa kocha wa timu ya taifa. Nawe ukitaka kujua uzito wa kazi hiyo, tazama mambo yaliyotokea baada ya Munich.

Timu ile ya 1971, kama zile zilizoitangulia, ilikuwa imejaa vijana wa Kisikh na Kigoa, watoto wa mafundi, makarani na wafanyakazi wa reli, waliokulia katika vilabu kama Sikh Union na Goan Institute. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, masuala ya uraia na vibali vya kazi yaliwafanya Waasia wengi kufungasha virago kwenda Uingereza na Canada. Wakaenda na magongo yao. Sohal alibaki. Kisha ikaja Montreal 1976, na Kenya pamoja na mataifa mengine mengi ya Afrika ikasusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Miaka minne baadaye tukasusia Moscow, safari hii tukiifuata Marekani. Hebu fikiria kizazi kizima cha wachezaji kilichofikia kilele chake kati ya 1973 na 1983. Walifanya mazoezi kwa ajili ya nini?

Na si hayo tu. Huko huko Montreal, hoki ya Olimpiki ilichezwa kwa mara ya kwanza kwenye nyasi bandia. Wewe usiyecheza unaweza kuona ni jambo dogo, kwamba zulia ni zulia. La hasha. Kwenye nyasi za kawaida mpira hudundadunda, na mwenye mikono laini humshinda mwenye mbio. Kwenye zulia lililomwagiwa maji mpira huteleza kama sabuni, pasi hufika kabla hujageuka, na mwenye mapafu ndiye mfalme. Ujuzi ambao Waafrika Mashariki, Wahindi na Wapakistani walikuwa wameurithi kwa miongo mingi ukashuka bei kama fedha iliyobadilishwa noti. Nairobi ilipata uwanja wa nyasi bandia pale City Park kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, yaani miaka 11 baada ya Montreal. Wenyeji wakatwaa dhahabu, mwaka uliofuata wakaenda Seoul, wakamaliza wa kumi na mbili. Timu yetu ya hoki haijarudi Olimpiki tangu siku hiyo. Hata Paris 2024 tuliitazama kwenye runinga.

Kwa hiyo kocha wa enzi hizo hakukabidhiwa timu iliyo tayari. Alikabidhiwa pengo. Ilibidi magongo yahame kutoka vilabu vya jumuiya kwenda shuleni, na leo ukitaka kuona hoki halisi muhula wa kwanza, nenda kwenye mashindano ya shule utazame vijana wa Kamusinga, wa St. Anthony’s Kitale, au wasichana wa Tigoi. Hao hawakurithi mchezo nyumbani. Waliupata kwa watu kama mtunza stoo wetu.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili limenikaa rohoni mwaka huu. Dada yangu ana binti, yuko shule ya upili ya kutwa hapa jijini. Mtoto huyu hutumia mkono wa kushoto, na tangu utotoni nyanyake amekuwa akimgombeza mezani. Alipojiunga na hoki aligundua kwamba hakuna gongo la mashoto; kanuni zinaruhusu la kulia tu. Nilidhani atakata tamaa. Akarudi nyumbani akicheka: “Anti, kumbe mkono wa juu ndio unaogeuza gongo, na mkono wa juu ni wa kushoto!” Wa chini husukuma tu. Mkono uliosemwa miaka yote ukawa na kazi hatimaye, naye akachaguliwa kuingia katika timu.

Babake akakataa. Naomba usimhukumu upesi, kwa maana mimi mwenyewe sikuweza. Shemeji yangu alikuwa mwanasoka, tena hodari, katika timu ya kampuni moja. Goti likavunjika, kampuni ikamtumia salamu za pole, kisha ikamtumia barua ya kumwachisha kazi. Hadi leo akipanda ngazi hushika ukuta. Aliniambia, “Shemeji, mchezo una mwanzo mtamu. Mimi nauliza mwisho wake. Siku ukiisha, huyu mtoto atabaki na nini mkononi?”

Ningemjibu nini? Kwamba atapata nidhamu? Maneno hayo huandikwa kwenye vyeti vya shule. Ningeweza kumtajia Sohal na mechi zake 167, lakini hakuniuliza habari za mtu mmoja kati ya mamilioni. Basi sikumjibu. Jumapili moja nilimwomba anisindikize City Park, nikamwambia nina habari ya kuandika, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Tulikaa kwenye ngazi za saruji. Mechi ya ligi ilikuwa haijaanza, na pembeni mwa uwanja palikuwa na mzee mmoja wa makamo akiwafundisha watoto kama ishirini hivi. Alikuwa akichechemea. Mara kwa mara mkono wake ulinyooka kuelekea gongo la mtoto, kisha ukarudi nyuma ya mgongo. Niliutambua mwendo ule mara moja, ila nilinyamaza. Shemeji alimtazama mpaka mazoezi yakaisha. Mechi ilipoanza hakuitazama sana.

Tukiwa kwenye matatu aliniuliza, “Yule mzee hulipwa?”

Nikamwambia nilizungumza naye wakati wa mapumziko. Hulipwa nauli, mara nyingine. Mipira hununua mwenyewe.

“Na goti lake je?”

“La kulia. Alisema lilimwisha zamani.”

Shemeji aliangalia nje mpaka tukafika Pangani. “Na bado yupo,” akasema. Sikujua kama alikuwa anasifu au anasikitika, na nadhani hata yeye hakujua. Siku hizo hizo alimruhusu binti acheze, kwa masharti: alama za hisabati zisishuke, na goti likiuma aseme siku hiyo hiyo, si wiki ijayo. Sharti la pili amelirudia mara nyingi kuliko la kwanza. Gongo tulichanga watatu, mimi, dada na nyanya, maana bei ya gongo zuri si mchezo. Yule nyanya aliyekuwa akigombeza mkono wa kushoto ndiye aliyetoa fungu kubwa.

Shemeji hajaenda kumtazama akicheza. Ila juzi, tukila chakula cha jioni, alimuuliza binti yake amepangwa nafasi gani. Beki, akajibiwa, upande wa kulia. Akaweka kijiko chini. Alitaka kujua kwa nini kocha amemweka nyuma wakati mabao hufungwa mbele, na watu hukumbuka wafungaji. Mtoto alinitazama. Nikamwonyesha kwa kidevu kwamba aeleze mwenyewe, naye akasogeza sahani, akachukua mwiko na chumvi, akaanza kumwonyesha babake jinsi ya kurudi nyuma hatua kwa hatua.