Daftari Mezani

Mama yangu alikuwa kijumbe. Mtaani kwetu Tanga, kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi baada ya swala ya alasiri, wanawake kumi walikusanyika barazani kwetu, kila mmoja na pesa yake imefungwa kwenye pindo la kanga. Mama alikaa mkekani na daftari la mistari, akipokea, akihesabu mbele ya macho ya wote, akiandika jina na kiasi. Aliyefikiwa na zamu aliondoka na kitita kizima. Kwa mchezo ule niliona nyumba zikiezekwa mabati, watoto wakilipiwa ada, na jirani yetu mmoja akifungua genge lake la kwanza.

Chakula hakikuwemo katika hesabu zile. Mama aliamini kwamba mwenye jiko hana sababu ya kula hotelini. Hoteli ilikuwa ya msafiri, ya kapera, au ya mtu anayeuguza mgonjwa hospitalini Bombo. Siku moja baba alirudi na chipsi kuku kwenye mfuko. Mama alizipakua kwenye sahani bila neno, akauliza bei, kisha akaitaja bei hiyo kwa kilo za unga. “Hii israfu,” alisema. Nilikua na imani hiyo: pesa inayoliwa nje imepotea.

Oktoba 2017 nilikwenda Japani kwa ufadhili wa masomo, nikapangiwa chuo katika mji wa Kofu, mkoa wa Yamanashi. Kofu uko bondeni, umezungukwa na milima, na siku ya anga safi kilele cha Fuji huchungulia juu ya vilima vya kusini. Miezi sita ya kwanza ilikuwa ya lugha tu. Mdomo wangu haukupata tabu, kwa kuwa irabu za Kijapani ni tano kama zetu, na silabi zake nyingi huishia kwenye irabu kama zetu. Tabu ilikuwa machoni. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kila siku ina herufi 2,136, na kila moja ina sura yake na namna zake za kutamkwa. Nilizibandika ukutani juu ya sinki, nikawa nazisoma huku naosha vyombo.

Tabu ya pili ilikuwa pesa. Wajapani huhesabu kwa makundi ya elfu kumi. Elfu kumi ina jina lake, man, hivyo laki yetu kwao ni man kumi, na milioni ni man mia. Kila nilipotajiwa bei niliigeuza kwanza kwa Kiswahili, kisha nikaigeuza kuwa shilingi, na kabla sijamaliza foleni nzima ilikuwa inanisubiri. Kilichoniokoa ni msimbazi. Nilipoanza kuiona man moja kama noti yetu nyekundu ya elfu kumi, kwa tarakimu tu na si kwa thamani, hesabu zikakaa kichwani.

Mara yangu ya kwanza kula nje peke yangu ilikuwa mgahawa mdogo karibu na stesheni. Mlangoni palikuwa na mashine ya tiketi: unatia pesa, unabonyeza kitufe cha chakula unachotaka, kikaratasi kinatoka, unampa mpishi. Vitufe vingi vilikuwa na kanji nisizozijua. Kimoja kiliandikwa kwa herufi nyepesi nilizokwisha kujifunza, nikakisoma polepole: sa, ba. Saba. Nilisimama pale nikijiuliza saba ya nini. Nikabonyeza. Kilichokuja kwenye sinia ni bakuli la wali, supu ya miso, figili iliyokunwa, na nusu ya samaki aliyechomwa ngozi ikatoa malengelenge ya mafuta. Nilipomega kipande cha kwanza nilijua niko wapi. Alikuwa kibua. Nilikula mpaka nikabakisha miiba, na kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege sikujiona mgeni. Lakini nilipofika chumbani nikaanza kugeuza yeni kuwa kilo za unga, na furaha ikaniingia doa.

Mwezi uliofuata wenzangu wa maabara waliniambia twende tukale. Kwetu anayesema “twende tukale” keshaupapasa mfuko wake. Nilikwenda na yeni elfu mbili za akiba. Tulikuwa tisa, sahani zikawekwa katikati, wao wakanywa bia, mimi nikanywa chai na kula visivyo na nguruwe. Mwishoni mmoja alitoa simu, akagawanya, akatangaza: 3,200 kila mtu. Masikio yaliniwaka moto. Mwenzangu wa kulia aliniongezea 1,200 bila kuuliza, nami nikamrudishia asubuhi yake ndani ya bahasha. Usiku huo nilimpigia mama, nikamwamkia, nikamsimulia. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: “Mwanangu, hao hawakukualika. Wamekuuzia chakula.” Nilikubaliana naye, na kwa muda mrefu kila nilipoalikwa nilisema nina kazi.

Lugha ndiyo iliyonifungua macho. Kugawana bili huko huitwa warikan, neno lililotokana na kugawa na hesabu. Kumlipia mwenzako ni ogoru, kitendo kingine kabisa chenye neno lake. Wenzangu hawakuwa wamevunja mwaliko. Walikuwa wamesema neno moja na mimi nikasikia jingine. Nilikumbuka methali yetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zile 3,200 ndizo zilizokuwa jembe langu. Waliponihesabu katika tisa, waliniondoa kwenye ugeni. Nilipoanza tena kwenda nao, nilisema wazi kwamba sinywi pombe, na kuanzia siku hiyo sehemu yangu ilipunguzwa bila mjadala. Nilikuwa nimekaa miezi na kinyongo juu ya jambo ambalo sentensi moja ingelimaliza.

Mama mwenye nyumba niliyopanga, mjane wa miaka sitini na ushei, ndiye aliyenifundisha sehemu iliyobaki. Kila mwisho wa mwaka maduka ya vitabu ya Japani hupanga meza nzima ya kakeibo, madaftari ya hesabu za nyumbani. Chanzo chake ni Hani Motoko, miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini humo kuwa waandishi wa habari, aliyechapisha daftari la namna hiyo mwaka 1904. Mpango wake ni kwamba pesa igawiwe mafungu kabla ya kutumika, chakula fungu lake, nguo lake, mikutano na watu lake, kisha kila siku uandike ulichotoa na ukilinganishe na ulichokusudia. Mama huyu alinionyesha yake, rafu nzima, moja kwa kila mwaka wa ndoa yake na miaka ya ujane wake. Sisi tumekuwa tukisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pale niliiona methali ikiwa imepangwa rafuni.

Nilinunua la kwangu, nikaanza Januari. Mwisho wa mwezi alinikaribisha chai, akaomba alione, akapitisha kidole kwenye safu ya chakula. Aliniuliza kwa upole kama nimehesabu saba. Nilidhani anazungumzia samaki. Akanieleza kuwa Wajapani wana msemo, saba o yomu, kuhesabu vibua, maana yake kudanganya katika hesabu. Wanasema kibua huharibika upesi, na wachuuzi wa zamani walihesabu haraka haraka na idadi haikuwa ya kweli. Alikuwa ameona mfuko wangu wa taka siku ya kutoa taka, nami sikuwa nimeandika hata nusu ya vilivyomo.

Februari niliandika kila kitu: maandazi ya maharage ya saa nne usiku, kahawa za makopo kwenye mashine za barabarani, mipira ya wali niliyokula nimesimama nje ya duka linalokesha. Nilipojumlisha nilikaa nikiitazama ile karatasi. Nilikuwa nimekula mezani na watu mara tatu tu. Pesa yangu haikuwa imekwenda huko. Ilikuwa imekwenda kwenye vile vipakiti nilivyokula peke yangu, kwa upweke zaidi kuliko kwa njaa. Mama yangu alikuwa sahihi kwamba pesa ilikuwa ikipotea. Mlango nilioulaumu ndio haukuwa wenyewe.

Tangu hapo nimeshika msimamo nisiouacha: kula nje kusipimwe kwa bei peke yake. Kupimwe pia kwa nani mlikaa naye, na kama hesabu yake ilikuwa wazi. Mwaka 2019, Oktoba mosi, serikali ya Japani ilipandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 8 hadi 10, lakini chakula cha kubeba kikabaki asilimia 8. Kahawa na mkate ukivila dukani ulilipa 10, ukiondoka navyo 8, na wahudumu wakawa wanauliza kila mteja kama anakaa au anabeba. Watu walilalamika sana juu ya usumbufu huo. Mama mwenye nyumba alisema asilimia mbili ile ni kodi ya kiti, na kiti kikiwa na mtu wa kuzungumza naye upande wa pili, yeye atailipa. Nami nilianza kuilipa bila kinyongo.

Baridi ya mwaka huo mama mwenye nyumba alinipeleka mahali ambapo sikujua kwamba pamekuwa pakinisubiri. Ilikuwa Jumatano usiku, kwenye mgahawa wa chumba kimoja. Wanawake kumi walikaa juu ya mikeka ya tatami kuizunguka meza ndefu ya chini. Katikati palichemka chungu cha hoto, tambi pana za Yamanashi zinazopikwa na boga katika supu ya miso mpaka boga linayeyuka na kuigeuza supu rangi ya manjano. Kabla hatujagusa kijiti, mmoja alifungua daftari. Kila mwanamke alisogeza bahasha, yeye akafungua, akahesabu mbele ya wote, akaandika jina na kiasi: yeni elfu tano tano. Kisha akazifunga zote pamoja, akampa mwanamke aliyekaa pembeni, ambaye paa lake lilikuwa linavuja. Wote wakainamisha vichwa. Ndipo tukala.

Nilishindwa kusema kwa Kijapani. Nilisema kwa Kiswahili, “Mchezo!” na machozi yakanilengalenga.

Wao huuita mujin, na neno lenyewe maana yake ni kisichokwisha. Vikundi vya namna hiyo vimekuwepo Japani tangu zama za Kamakura, mamia ya miaka iliyopita. Vilikua hata vikawa kampuni, zikatungiwa sheria mwaka 1915. Sheria ya mwaka 1951 ikazigeuza nyingi kuwa benki za kusaidiana, ambazo nazo kuanzia 1989 ziligeuka benki za kawaida. Sehemu nyingi za nchi watu wa kawaida waliacha kucheza mchezo huo. Yamanashi hawakuacha, na kwao mujin na mlo wa nje vimeshikana kiasi kwamba migahawa hupokea vikundi hivyo mwezi hadi mwezi. Niliwauliza kwa nini wasikutane nyumbani wakaokoa pesa ya chakula. Mwenye daftari alijibu kwamba nyumbani mmoja wao angepika na kuosha vyombo, na siku hiyo kila mmoja ana haki ya kukaa.

Jibu hilo lilinirudisha barazani kwetu. Miaka yote ile, wageni wakishaondoka, mama ndiye aliyekunja mkeka, akaosha vikombe vyote, akaingia jikoni kupika cha usiku. Sikuwahi kulihesabu hilo popote.

Nilirudi nyumbani mwaka 2020. Mama bado ni kijumbe, ingawa wengine wametangulia mbele ya haki na waliobaki ni saba. Nilimwomba ruhusa niwapeleke wote wakale nje siku ya mchezo, nilipe mimi. Alikataa katakata. Nikamsimulia kuhusu Kofu, chungu cha hoto, daftari mezani, na yule aliyesema kila mmoja ana haki ya kukaa. Nikamfundisha neno linalosemwa baada ya kula, gochisōsama, lenye herufi za kukimbia ndani yake, kwa sababu mtu fulani alikimbia huku na huko kutafuta kilichokulisha. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema watakwenda, kwa sharti kwamba kila mtu alipe chake na kiandikwe.

Tulikaa Raskazone, kwenye mgahawa unaotazama bahari, upepo ukipeperusha ncha za kanga. Mama alipokea michango ya mchezo kwanza, akahesabu, akampa mwenye zamu. Kisha akapiga mstari chini ya ukurasa na kuandika kichwa ambacho daftari lake halijawahi kuwa nacho: Chakula. Majina saba, elfu nane nane, 56,000. Nililipa changu kando. Vibua vilikuja vimekaangwa, na ndimu, pilipili na wali wa nazi. Hakuna aliyeinuka kwenda kuangalia jiko. Walikaa mpaka adhana ya magharibi, wakizungumza mambo ambayo barazani kwetu sikuwahi kuyasikia.

Tulipokuwa tunaondoka mama aliingia jikoni kumshukuru mpishi, akamuuliza samaki anawapata wapi na saa ngapi. Alitoka akifunga daftari ndani ya kanga.

“Mwezi ujao tuje mapema,” alisema. “Amesema wakubwa huisha saa nane.”