Mgonjwa Mmoja, Milango Mingi

Bariadi mjini, mkoani Simiyu, na zaidi huko Itilima na Meatu, hospitali si mlango wa kwanza. Mtu akiamka na homa hutuma mtoto duka la dawa muhimu, na muuzaji hutoa vidonge kulingana na mtoto alivyoeleza. Homa ikikataa, kuna jirani anayejua mizizi. Ikizidi, zahanati ya kijiji, kisha labda zahanati ya mtu binafsi mjini, yenye foleni fupi na majibu ya haraka, kisha hospitali ya Somanda, kisha Nyaumata, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Yakishindikana yote, ni basi la alfajiri kupitia Lamadi kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Milango hiyo ina wenyewe mbalimbali: mfanyabiashara, mzee wa tiba asili, halmashauri, daktari aliyestaafu akafungua chumba chake, wizara, Kanisa. Mgonjwa ni yule yule, na ugonjwa wake haujali amevuka kizingiti cha nani.

Nimemsindikiza shangazi yangu karibu katika milango hiyo yote. Kila tulipoingia alianza hadithi yake upya, na kila alipoirudia ilipungua kidogo kwa uchovu. Daktari wa mwisho alipomuuliza ametumia dawa gani, alifungua fundo la khanga akatoa vidonge vya rangi tatu, havina boksi wala jina. Daktari, kijana mpole, alivigeuzageuza kwa ncha ya kalamu, akaagiza vipimo vyote vianze mwanzo. Sikuona pale mtu wa kumlaumu. Kila mmoja alikuwa amefanya sehemu yake, kisha akafunga mlango. Tangu hapo, nikiwasikia viongozi wakizungumzia ubia wa sekta ya umma na sekta binafsi katika afya, mawazo yangu hukimbilia ile nafasi iliyo kati ya mlango na mlango, ambako shangazi alitembea bila mwenyeji.

Nchi yetu imebadili mawazo kuhusu jambo hili zaidi ya mara moja. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za kutafuta faida, ikabakiza za mashirika ya dini na za serikali; mwaka 1991 sheria hiyo ikarekebishwa na daktari akaruhusiwa tena kufungua milango yake. Bugando yenyewe ina historia ya kuwatosha wanafunzi wa siasa. Kanisa Katoliki liliijenga, ikafunguliwa mwaka 1971, serikali ikaitaifisha mwaka uliofuata, na mwaka 1985 ikarudishwa kwa maaskofu kwa makubaliano ya kuiendesha kwa pamoja. Mwaka 1992 makubaliano ya namna hiyo yakapanuka: serikali ilitia saini hati ya maelewano na makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti, na hapo ndipo ikazaliwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC.

Ninachokipenda katika kisa cha Bugando ni kwamba hakuna upande uliotoka mshindi. Serikali iliichukua, ikakuta kuchukua jengo ni rahisi kuliko kuliendesha. Kanisa lilirudishiwa, lakini mishahara ya watumishi wengi iliendelea kutoka Hazina, maana sadaka za waumini zisingefua dafu. Leo muuguzi analipwa na huyu na anafanya kazi chini ya paa la yule, na mgonjwa aliyeletwa kutoka Mwanhuzi hana habari na hilo wala hahitaji kuwa nayo. Naona hapo watu wazima waliogombana, wakachoka, kisha wakakaa kugawana kazi kwa kadiri ya uwezo. Katika ndoa nyingi na biashara nyingi za ndugu nilizozishuhudia, hatua hiyo ya mwisho haijawahi kufikiwa.

Ila makubaliano ya wakubwa hushuka polepole kama maji kwenye udongo wetu mzito wa mbuga. Huko chini yanaitwa mkataba wa huduma, na wanaosaini ni halmashauri na mwenye hospitali. Hospitali kama ile ya Kanisa la AIC pale Mkula, Busega, ilikuwa ikihudumia watu wa kando ya ziwa kabla mkoa wa Simiyu haujazaliwa mwaka 2012. Sera ya nchi inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi katika kituo cha umma. Mama anayeishi jirani na hospitali ya kanisa anaisikia sera hiyo redioni sawasawa na mama anayeishi jirani na zahanati ya serikali. Lakini hospitali isiyo ya serikali itaitimiza tu ikiwa mkataba upo na fedha za mkataba zimefika. Zikichelewa, mganga mfawidhi anabaki na mama mezani na bohari tupu. Ahadi ni deni, wahenga walisema. Hawakusema kwamba anayedaiwa anaweza kuwa mtu ambaye hakuahidi chochote.

Machi 2024 jambo hilo lilijitokeza kwa sura nyingine. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kutumia kitita kipya cha bei, hospitali binafsi zikasema haziwezi kujiendesha kwa bei hizo, na nyingi zikasimamisha huduma kwa wenye kadi ya bima hiyo. Kwetu Simiyu, ambako hospitali binafsi ni chache, wengi tuliusikia mgogoro huo kwenye taarifa ya habari tu. Hata hivyo nilimwona mwalimu mmoja mstaafu akiigeuza kadi yake mkononi kana kwamba maandishi yamefutika.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa madereva. Si zamani sana, mama akishikwa na uchungu usiku kijijini, damu ikaanza kumtoka, na gari la wagonjwa la wilaya liko kwingine, ndugu walikwenda kugonga kwa mwenye gari la Probox. Yeye akiuliza mafuta nani atalipa, tulimwita mtu asiye na utu. Tulimsema hata kanisani. Kisha ukaja mfumo wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga, na kuanzia mwaka 2022 ukawa unaenezwa nchi nzima. Kwa namna nilivyouelewa, wabunifu wake waliacha kumhubiria dereva wakaamua kumjibu swali lake. Muuguzi wa zahanati hupiga 115 bila malipo. Kituo cha uratibu humsikiliza, huamua mama apelekwe wapi, na huitaarifu hospitali ijiandae kumpokea. Gari la wagonjwa lisipopatikana, anapigiwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Mama akishafika na kupokelewa, nauli huingia kwenye simu ya dereva.

Tazama waliokutana hapo: serikali, mfuko wa hisani wa kampuni ya simu, wafadhili, muuguzi wa kijijini, na mtu ambaye asubuhi hubeba magunia ya mpunga na viti vyake vimekunjwa. Yule tuliyemsema sasa hulala simu ikiwa karibu na sikio. Utu wake ulikuwapo siku zote. Kilichokuwa kikikosekana ni hakika kwamba kumsaidia mke wa jirani hakutamfanya ashindwe kuamka na mafuta ya kazi yake kesho. Nimejiuliza ni watu wangapi wengine tumewahukumu kwa ubaya wa roho wakati walichokuwa wakiomba ni jibu la swali la kawaida kabisa.

Wapo wanaoupa m-mama sifa zote. Tafiti za kitaifa zinaonyesha vifo vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Ni anguko kubwa, na mfumo uliokuwa ndiyo kwanza unaenea mwaka huo wa mwisho hauwezi kuwa ndio ulioleta yote. Vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji viliongezeka, barabara kama ile ya Lamadi hadi Bariadi zikawekewa lami, wakunga wakafundishwa. Huku Simiyu, shirika la Amref na wenzake walifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa kupitia mradi wa Uzazi Uzima, kwa fedha za Kanada. Kama ilivyo kwa miradi yote, nao ulikuwa na siku ya mwisho. Mimi si mpinzani wa wafadhili, lakini Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wahudumu wengi nchini waliokuwa wakilipwa na miradi ya VVU waliambiwa wakae nyumbani wasubiri. Mshirika anayeweza kuondoka kwa amri iliyosainiwa ng'ambo apokewe kwa shukrani, na usiku uleule tuanze kupanga tutaishi vipi bila yeye.

Kuna mlango ambao mikutano ya ubia huuruka kwa haya: mlango wa mganga wa jadi. Usukumani ushindani wa watu wa dawa ni mkongwe. Vyama vyetu viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilianzishwa na Ngika na Gumha, na wote wawili walikuwa mafundi wa dawa. Baada ya mavuno pande mbili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji huhamia upande unaowavuta. Wanapingana kwelikweli, kwa majigambo na hata matusi ya utani, ila hakuna upande utakaoitwa mshindi ikiwa wa pili haukufika. Ningependa kuona hospitali zetu, za umma na za binafsi, zikicheza kwenye uwanja wa namna hiyo, mgonjwa akiona bei na huduma za kila upande kabla ya kuamua asimame wapi.

Kuhusu mganga mwenyewe, sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 ilimtambua na kumtaka asajiliwe. Mganga akimwona mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili na kumwelekeza akapimwe kifua kikuu, amefanya kazi ambayo dakika tano za daktari zisingeifanya, kwa sababu huyo mtu kwa daktari asingekwenda. Hapo namuunga mkono. Lakini siwezi kuzungumza juu ya waganga wa Kanda ya Ziwa kana kwamba sikumbuki. Hapa ramli zimeua. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, wekundu walioupata kwa kupikia kuni na vinyesi vya ng'ombe maisha yao yote. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Anayepiga ramli na kumtaja jirani hastahili kiti kwenye kikao chochote cha afya, hata akiwa na wateja elfu. Anayechimba mizizi ya tumbo na kujua mwisho wa mizizi yake, huyo aletewe kiti. Kazi ngumu ni kuwatenganisha hao wawili, na haiwezi kufanywa na mtu wa Dodoma; inafanywa na watu wa kijiji wanaomjua kila mmoja tangu utoto, na ambao wakati mwingine wanamwogopa.

Wanakijiji hawa ndio wanaonipa matumaini, pamoja na kelele zao. Katika mkutano mmoja wa kijiji, mhudumu wa afya alikuwa akieleza kwamba m-mama ni kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Dereva mmoja aliyesajiliwa akanyoosha mkono. Akauliza: na aliyeumwa na nyoka kwenye pamba, nimpeleke kwa hela ya nani? Mhudumu hakuwa na jibu, na alikuwa na heshima ya kulisema hilo waziwazi. Mzee mmoja akapendekeza kila kaya itoe shilingi elfu moja baada ya pamba kuuzwa, ziwe za mafuta ya dharura kwa yeyote. Wakakubali kwa makofi. Kisha ukazuka ubishi kuhusu nani atazishika: mtendaji, ushirika wa pamba, au akina mama wa vikoba. Akina mama walisema wao daftari lao halijawahi kupotea. Mtendaji alisema fedha za umma zina utaratibu wake. Giza liliingia bado wanabishana, na kwa habari nilizonazo, bado wanabishana.