Kalamu na Kiti

Kiongozi hulitazama gazeti kama mvuvi wa hapa Kihagara autazamavyo upepo wa mwera. Ukimsukuma aendako, ausifu. Ukimpiga usoni, aulaani. Na upepo ni ule ule.

Tazama habari za Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1958, akiwa Rais wa TANU, aliandika katika Sauti ya TANU akiwalaumu mabwana shauri wawili wa serikali ya Kiingereza. Alishitakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu, akahukumiwa kulipa Sh. 3,000/- au kufungwa miezi sita. Akalipa. Siku zile kalamu ilikuwa mkononi mwake, na kiti kilikuwa cha wengine.

Baada ya miaka 12 kiti kilikuwa chake. Mwezi wa Februari 1970 Serikali ililitwaa gazeti la The Standard, na Rais mwenyewe akawa mhariri mkuu. Kwa haki nasema, aliagiza kwamba gazeti hilo liwe na uhuru wa kuikosoa Serikali. Lakini mwaka 1971 mhariri mtendaji, Frene Ginwala, aliondolewa baada ya gazeti kumlaumu Rais Nimeiry wa Sudan kwa kuwaua wapinzani wake. Kisha Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa Waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Sheria hiyo ilidumu miaka 40, mpaka ilipofutwa na ile ya 2016.

Wala tusidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Mwaka 1787 Thomas Jefferson wa Marekani aliandika kwamba afadhali magazeti bila serikali kuliko serikali bila magazeti. Mwaka 1807, akiwa Rais mwenye kushambuliwa na magazeti hayo hayo, aliandika kwamba yaliyomo gazetini hayaaminiki.

Kwa nini nayasema haya? Mwaka jana nilikuwa kiranja wa chakula. Muhula huu nimechaguliwa mhariri wa gazeti letu la ukutani. Juzi nimeletewa barua isemayo kwamba kiranja mmoja huwapunja ugali wadogo wa Kidato cha Kwanza. Kiranja huyo ni rafiki yangu, naye ameniomba niichane. Wengine wanasema, "Ibandike leo leo, aaibike!" Nalijua joto la kiti chake: agawaye ugali hasikii shukrani, husikia manung'uniko tu.

Basi nitafanya hivi. Siku tatu nitasimama jikoni nione kwa macho yangu. Barua ikiwa ya kweli, itabandikwa, na jibu la kiranja kando yake kwa herufi zilizo sawa. Ikiwa ya uongo, haitabandikwa. Gazeti liogopalo kiti halina faida, na gazeti lisilochunguza ni majungu yaliyoandikwa.

Urafiki wetu ukivunjika, nitasikitika sana. Lakini wadogo wale hawana gazeti jingine.