Rangi ya kucha ya dada yaokoa mashine ya vifaranga!

Wiki hii sina habari za mapenzi, nina habari za mayai. Tena si mayai yangu, ni ya mama mdogo: 60, ya kuku wa kienyeji, aliyoniletea hapa Somanda, Bariadi, kwa kuniamini. Pesa ya vifaranga ilikuwa ndiyo sare na viatu vya shule vya wanawe wawili. Sasa wewe fikiria.

Mimi shule niliishia kidato cha nne, lakini waya nilianza kuzichezea zamani. Mashine ya kutotolesha nilijitengenezea mwenyewe: boksi la mbao, balbu mbili, beseni la maji na kile kisakiti kinachowasha na kuzima balbu ili joto likae nyuzi 37.5. Siku 18 za mwanzo unyevu ndani unatakiwa uwe kama asilimia 50 hadi 55. Siku tatu za mwisho unapandishwa mpaka 65 au 70, la sivyo utando wa yai unakauka na kifaranga kinanasa humo humo.

Basi bwana, siku ya 18 nikaongeza beseni la pili. Usiku umeme ukakatika, ukarudi alfajiri. Nikachungulia, kioo kinaonyesha 38.2. Nikasema safi, nikaenda zangu shambani kuchuma pamba. Narudi jioni, kioo bado 38.2, balbu zimezima, nagusa yai... baridi kama jiwe la mtoni!

Yalitotoka manne. Siku ya kumwambia mama mdogo hata shikamoo ilinikwama kooni. Hakunifokea. Alisema tu, "Haya mwanangu," akaondoka. Bora angenifokea.

Nikampelekea fundi redio mmoja ile sakiti. Akaigeuza, akanionyesha kutu ya kijani kwenye lehemu. "Dogo, umeiweka ndani ya mvuke?" Kweli, nilikuwa nimeifunga humo humo ndani, naona nimefanya la maana. Hewa ya joto la 37.5 yenye unyevu wa asilimia 65 ikikutana na kitu chenye nyuzi 30 hivi inaanza kutoa matone, kama chupa ya soda ya baridi inavyotoka jasho. Umeme ulipokatika boksi likapoa, sakiti ikaloa. Ile sensa hupunguza ukinzani wake kadiri joto linavyopanda. Maji na vumbi vikafungua kinjia cha pembeni cha umeme, ukinzani ukaonekana umeshuka, sakiti ikadhani kuna joto kali na ikazima balbu. Yaani ilidanganywa, nami ikanidanganya.

Rafiki yangu mmoja akashauri niweke mchele ndani unyonye unyevu. Jamani! Beseni linatoa mvuke siku nzima, huo mchele si utaiva tu?

Nilichofanya ni hiki. Sakiti mpya nimeitoa nje kabisa, ndani imebaki sensa peke yake. Nimeipiga mswaki kwa spiriti, nikaianika juani, kisha nikaipaka rangi ya kucha ya dada, ile isiyo na rangi, mikono miwili, nikikwepa rilei, kioo na sehemu za skrubu. Dada alinuna siku tatu. Halafu nimeifungia kwenye kopo la plastiki pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja na viatu vipya. Humo vinafaa kwa sababu kopo limefungwa. Waya inaingilia chini ya kopo, tena imening'inia kidogo kabla ya kupanda, ili tone likiifuata lidondokee sakafuni. Maungio ya sensa nimeyaziba kwa gundi ya silikoni. Angalia hapo: ile inayonuka siki inakula shaba, tafuta isiyonuka hivyo.

Na kipimajoto cha kioo kimekaa katikati ya mayai. Kile cha sakiti sikiamini tena peke yake.

Mayai 20 ya majaribio niliyanunua kwa pesa yangu, yakatotoka 15. Nikampelekea mama mdogo wote. Jumapili iliyofuata akaja na trei moja, mayai 30. Akayahesabu mbele yangu. Mara mbili.