Kabla ya Kununua Programu ya Kuchorea

Ndugu msomaji, huenda nawe unaye kijana arudiye kutoka chuo cha ufundi akikuambia, "Baba, siku hizi fundi huchora kwa kompyuta. Ninunulie programu." Usimkasirikie, maana asema kweli. Lakini kabla ya kufungua mfuko, sikiliza yaliyonipata mimi.

Mimi ni fundi wa vyuma. Natengeneza mashine za kupukuchua mahindi. Mwanangu alipomaliza chuo niliuza ng'ombe wawili, tukapata kompyuta na programu ya kuchorea. Tulichagua ile iliyosifiwa kuliko zote, wala hatukuuliza neno lingine. Kumbe hatukuinunua; tuliikodi kwa mwaka mmoja tu.

Mwaka huo kazi ilikwenda vizuri. Mwanangu alichora kila kipande, tukapeleka michoro mjini kwa fundi mwenye mashine ya kukatia chuma. Mwaka ulipokwisha hatukuwa na fedha ya kulipia wa pili. Nikasema, "Si kitu, tutalipa baada ya mavuno."

Wakati wa mavuno alinijia jirani yangu mmoja, mama mjane. Kipande cha mashine yake kimevunjika, mahindi yako uani, na mawingu yametanda. Tukafungua kompyuta, programu ikakataa. Mchoro ni wetu, tumeuchora kwa jasho letu, lakini hatuwezi kuutumia. Wala hatukuweka nakala ambayo programu nyingine yaweza kuisoma. Ikatubidi kupima kile kilichovunjika, kukata mfano wake kwa karatasi ya boksi na kuanza upya. Siku tatu zikapita, mvua ikanyesha, na mahindi mengine yakaota ukungu. Niliona haya kupita mbele ya nyumba yake. Mke wangu akaniambia, "Baba Yosefu, umejenga ghala, ufunguo umemwachia mwingine."

Usidhani kwamba wadogo peke yao ndio wakosao. Kampuni ya Airbus, itengenezayo ndege huko Ulaya, ilipata shida kubwa mwaka 2006 kwa ndege yake A380. Wachoraji wa Hamburg, Ujerumani, walitumia toleo la zamani la programu iitwayo CATIA. Wenzao wa Toulouse, Ufaransa, walitumia toleo jipya. Jina ni moja, lakini michoro haikupatana. Ndege moja ilikuwa na waya za urefu wa kilometa 500 na zaidi, na zilipofika Toulouse nyingine zilikuwa fupi mno. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa mnunuzi Oktoba 2007, zaidi ya mwaka mmoja baada ya wakati uliopangwa, na hasara ikahesabiwa kwa mabilioni ya euro.

Basi, yafaa kujiuliza mambo matatu. Kwanza, kazi yenyewe ni ipi? Kwa ramani ya nyumba au bamba la kukatwa, programu ya kuchora bapa, kama LibreCAD, yatosha. Kwa kipande chenye unene, matundu na pembe, yahitajiwa ichoreayo umbo zima, kama FreeCAD. Hizi mbili hazilipiwi. Pili, nani atapokea mchoro? Muulize kwanza anachoweza kusoma. Fundi wetu wa mjini hupokea hati za DXF. Wachoraji wa maumbo mazima hupelekeana hati za STEP. Tatu, fedha ikikatika, mchoro utabaki mkononi mwako?

Tena, usikubali nakala ya wizi, hata ikiwa ya bei ndogo. Ni kumnyima mwenye kazi haki yake, na mara nyingi huja na maradhi ya kuharibu kompyuta. Kama kijana bado ni mwanafunzi, aulize: baadhi ya makampuni huwapa wanafunzi programu bure, lakini kwa masomo tu, si kwa biashara.

Sisi sasa twatumia FreeCAD. Mwanangu alinung'unika miezi kadhaa kabla ya kuizoea. Lakini kila mchoro tumeuweka kwa namna mbili, na nakala moja iko kwa fundi wa mjini. Mashine ya yule mama ilipoharibika tena mwaka jana, kipande kilipatikana kesho yake.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kijana wako akija na ombi lake, keti naye, mwulizane maswali hayo. Kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na aliyelipa ni jirani yangu.