Natoka Namba Tano

Najua nimekuwa kimya, mazoezi ya kufundisha yalinibana. Nimerudi hosteli jana, viatu bado vina vumbi la Geita.

Leo nina la kuungama. Tangu mwaka wa kwanza, mtu akiniuliza kwetu wapi, najibu "Shinyanga mjini". Uongo mtupu. Kwetu ni Mwakitolyo Namba Tano, machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, Wilaya ya Shinyanga. Ukisema "Namba Tano" watu wanacheka, nikachoka kuchekwa.

Wasukuma tuna utaratibu wetu wa majina. Mwakitolyo, Mwantini, Mwalukwa: hiyo "Mwa" ya mwanzo ni kama kusema "kwa fulani". Yaani mahali pana mwenyewe. Lakini dhahabu ikionekana watu wanamiminika na sururu, maturubai na karasha za kusagia mawe, na mahali panapewa namba tu, utadhani hakuna aliyepanga kukaa. Kumbe watu wanazaliwa hapo na kuzikwa hapo. Mama yangu ni mama ntilie pembeni ya maduara. Sare zangu, madaftari, hata nauli ya kuja chuo, vyote vilitoka kwenye sufuria yake.

Basi bwana, siku moja kwenye Jiografia, kidato cha pili, nikasema kila mmoja ataje alikozaliwa. Kijana mmoja wa nyuma akasimama: "Namba Tano, mwalimu. Huku tulikuja baba alipofuata rashi."

Darasa likaangua kicheko. "Hiyo ni jezi!"

Akaniangalia mimi. Nikamwambia, "Taja jina la kijiji."

Akajibu polepole, "Ndilo jina lake, mwalimu." Akakaa.

Jamani! Neno moja tu lingetosha: "Hata mimi." Badala yake nikageukia ubao, nikaendelea na aina za mvua.

Siku ya mwisho nilimtafuta nimwambie. Wenzake wakasema wameshahama, baba yake amesikia rashi nyingine upande wa Chunya.

Leo asubuhi nimejaza fomu ya hosteli. Mahali pa kuzaliwa: Mwakitolyo Namba Tano. Karani akauliza, "Namba tano ya nini, dada?"

Nikamwambia, "Ya kwetu."

Haya, tuonane wiki ijayo. Bumu bado halijatoka, tuombeane.